Chupa za Ndoa ya Luzia

Katika mwezi wangu wa kwanza kazini nilimwaga chupa sita za divai nzuri kwenye karo la jikoni kwa sababu niliona mawe madogo chini yake. Naanza na hilo kabla hamjalisikia kwa wapishi, ambao hulisimulia wakilitia viungo. Wao husema zilikuwa kreti nzima na kwamba nililia. Hazikuwa kreti nzima. Kulia, nililia.

Nawaandikia ninyi mliobaki katika chumba cha kulia cha nyumba ya wageni ya kampuni ya shaba, pale Panda, Likasi. Mimi nimestaafishwa nikiwa bado na meno yangu yote, kwa vile imeonekana kwamba watu tumezidi kazi. Nimekaa mezani nyumbani na kuiandika sentensi ya kwanza mara nyingi hadi karatasi ikatoboka, na walionifahamu hawatashangaa. Sikusomea kazi hii popote. Nilijifunza kwa kusoma maandishi ya kwenye chupa, makopo na masanduku, na kwa kamusi ya Kifaransa ambayo mtu alikuwa ameng'oa kurasa zake za mwisho, hata sikuweza kutafuta neno lolote linaloanza na herufi zilizo baada ya S. Neno "vin" nililijua kwa kulikuta mahali pengine.

Ili mlielewe kosa langu, lazima mjue nilikolelewa. Baba yangu alifanya kazi kwenye ukumbi ambamo shaba husafishwa kwa umeme ndani ya matangi ya asidi. Suruali zake zilikuwa na vitundu vidogo vidogo, utadhani zimeliwa na nondo. Sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi tulikuwa na sheria moja tuliyoijua kabla ya sala: ukiona maji yameota mawe yanayong'aa, usiguse, usilambe, kimbia ukaite mtu mzima. Mawe ya buluu yaliyoota kandokando ya mabomba yalikuwa mazuri kama peremende, na mtoto mmoja wa jirani aliwahi kuyalamba. Alipona, lakini mama zetu walilitumia jina lake kututisha hata alipokuwa ameshaota ndevu.

Basi nikapata kazi ya kuhudumia meza. Wakubwa walikuwa wanakuja, nikaambiwa divai nyeupe iwe baridi. Sikuuliza baridi kiasi gani, kwa maana niliogopa kuonekana sijui. Kwetu kinywaji baridi ni bia, na bia haijawa baridi mpaka ikuumize meno. Nikazilaza chupa zile kwenye chumba cha barafu, kwenye ukuta wenyewe unaogandisha, na nikaziacha humo siku kadhaa. Asubuhi ya karamu nilizitoa, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, maana nilitaka kuhakikisha hakuna vumbi. Chini ya kila chupa kulikuwa na vipande vinavyong'aa, vyeupe, vyenye ncha.

Sikufikiri. Niliona kichwani mkurugenzi na wageni wake wameanguka chini ya meza, na mimi natiwa pingu. Nikazifungua zote, nikazimwaga, nikaosha chupa kwa maji ya moto, kisha nikaenda kifua mbele kwa Mzee Kalenga, mkuu wa chumba cha kulia, aliyekuwa anakunja vitambaa vya mezani.

"Muzee, nimeokoa bantu," nikamwambia.

"Umeokoa banani?"

"Ba directeur. Divai ilikuwa na sumu, ilikuwa imeota mawe. Nimeimwaga."

Aliendelea kukunja. "Ile ya Senyor Abilio?"

"Njo ile."

"Yote?"

"Yote, Muzee. Na chupa nimeziosha."

"Umeziosha," akasema, akakiweka kitambaa juu ya vingine na kukinyoosha kwa kiganja. "Asante kwa kuziosha. Sasa kamata chupa moja yenye kuosha, uende nayo ku magazini yake. Utamwambia weye mwenyewe, na kinywa yako."

Siku ile wakubwa walikunywa bia na hakuna aliyelalamika. Hilo lilinitia uchungu zaidi.

Senyor Abilio alikuwa Mreno mwenye duka, ndiyo magazini yenyewe, katikati ya mji. Aliuza vitenge, samaki wa chumvi, majembe na mafuta ya taa, na alikisema Kiswahili chetu kama aliyezaliwa kambini, isipokuwa alipohesabu. Kuhesabu alihesabu kwa Kireno. Mkewe, Mama Julienne, mtu wa Kapolowe, alikuwa nyuma ya kaunta, na binti yao Luzia, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa, alikuwa amekalishwa juu ya robota la kitenge. Niliweka chupa tupu kaunta na kueleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yalitoka yakiwa yamevurugika.

Senyor Abilio alinisikiliza mpaka mwisho. "Ulionja?"

"Hapana, Senyor. Niliogopa."

"Ulinusa?"

"Hapana."

"Sasa ulifanya nini na ile divai?"

"Niliiangalia."

Mama Julienne alicheka hadi mtoto akashtuka. "Aliiangalia! Abilio, muache huyu mutoto. Weye siku ya kwanza nilikupikia bukari uliiangalia tu, ukaniuliza kama ni simenti."

"Ilikuwa ngumu sawa simenti," akajibu mumewe, akiusema ule ugali.

"Na sasa unakula sahani mbili."

Senyor Abilio akaingia nyuma, akarudi na chupa nyingine ya aina ileile iliyokaa kwenye baridi. Akaifungua, akamimina polepole mpaka karibu na mwisho, kisha akayamwaga mawe yale kwenye kiganja chake. Akayatia mdomoni akayatafuna. Niliyasikia yakivunjika kati ya meno yake, nami nikashika ukingo wa kaunta. Akanipa kipande. Kilikuwa kichachu kama ganda la ndimu lililokaushwa juani.

"Haina vitre, haina asidi ya ku usine," akasema, yaani si vioo wala asidi ya kiwandani. "Inatoka mu zabibu yenyewe. Ukiipatia baridi mingi, divai inaweka mawe yake chini. Mwaga mawe kama hutaki. Lakini divai ilikosa nini?"

Kisha akaninusisha. Kwanza sikusikia kitu. Akaniambia nisubiri, nizungushe gilasi, ninuse tena. Ikaja harufu ya ngazi ya mawe mvua ya kwanza inapoipiga, kisha ikaja harufu niliyoijua vizuri sana: masuku, yale matunda ya porini tunayookota chini ya miti njia ya kwenda Kakanda. Nikanywa nikitarajia utamu wa masuku. Utamu haukuwepo. Ilikuwa kali, safi, ikaukausha ulimi na kuacha mdomo unataka kula. Nikasema ukweli: nilisema sijui kama naipenda.

"Ni sawa," akasema. "Rudi Jumamosi."

Nilirudi, na nikaendelea kurudi Jumamosi mchana kwa miaka. Divai ile ilitengenezwa na kaka yake, milimani kwao, kwa zabibu iitwayo encruzado, ambayo alisema huwezi kuikuta kwa Wafaransa hata ukitafuta na tochi. Ilikuja kwa meli hadi pwani ya Angola, kisha kwa treni mpaka kwetu. Chini ya kaunta alikuwa na kreti mbili ambazo hazikuuzwa. Zilikuwa za mavuno ya mwaka aliozaliwa Luzia.

"Kwetu mutoto akizaliwa, papa yake anaweka divai ya ule mwaka mpaka siku ya ndoa," alinieleza. "Bantu banaweka nyekundu. Kaka yangu ananicheka, anasema nyeupe haifike. Minye naweka nyeupe, juu hii zabibu ni mbishi."

"Na kama itakufa?" nikauliza. Mimi huuliza swali hilo juu ya kila kitu.

"Kama itakufa, itakufa. Lakini weye utakuwa ulionja kwanza."

Mzee Kalenga kwa upande wake alinifunza mengine, nami nawapa kama nilivyopewa. Divai nyeupe iwe baridi kama maji ya mto mwezi wa sita, si kama barafu. Igusishe ndani ya kifundo cha mkono, ukihisi kuungua imezidi. Itoe kwenye frigo wakati supu inaingia. Futa mdomo wa chupa kabla ya kung'oa kizibo na baada yake. Mgeni akikukaripia, angalia kifungo cha pili cha koti lake. Usimwangalie usoni, utajibu. Usiangalie chini, utaangusha sahani. Mimi niliyashika yote na kuzidisha. Nilipima nafasi kati ya uma na kisu kwa kiungo cha kidole gumba, na mhudumu mwenzangu akipita akausogeza uma nilisikia joto masikioni. Mzee Kalenga aliniambia mara moja, bila ukali, kwamba wageni wanakuja kula, hawaji kupima.

Miaka ile serikali ikakataza tai. Mzee Kalenga alikuwa akivaa kipepeo cheusi shingoni tangu enzi za Wabelgiji. Alikivua, akakikunja, akakitia mfukoni mwa abakosti yake mpya, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai, na hakuacha kukibeba. Akiingia mgeni mzito ungemwona anapapasa mfuko. Majina ya ubatizo nayo yakakatazwa, na sote tukaitwa citoyen, yaani raia. Mimi niliyebatizwa Donatien nikawa Mukalay kwenye karatasi, na jikoni wakaendelea kuniita Dona.

Kisha ukaja wakati ambao maduka ya wageni yaligawiwa raia. Mchana mmoja Senyor Abilio alikuja mlango wa jikoni akisukuma mkokoteni uliojaa magunia ya makaa. Sikuwahi kumwona akisukuma mkokoteni. Alipoyaondoa magunia, chini kulikuwa na kreti zile mbili.

"Kesho mwenye duka mupya anakuya," alimwambia Mzee Kalenga. "Atakamata magazini na nyumba ya nyuma, na kila kintu ndani. Julienne anaenda kwa mama yake ku Kapolowe. Kule ni bati, ni joto, divai itapikwa. Minye naenda kwa kaka yangu kuangalia namna gani ya kuishi. Nitarudia."

Chini ya chumba chetu cha kulia kulikuwa na chumba kingine, cha mawe, ambacho Wabelgiji walikichimba kwa ajili ya mambo kama haya. Kilikuwa kimejaa viti vilivyovunjika. Mzee Kalenga alizitazama zile kreti, kisha akanitazama mimi.

"Minye nitaenda pension," akasema. "Luzia hajaanza hata masomo. Ni weye njo utabaki, Dona. Utaweza?"

Mnanijua. Kwa kawaida ningesema nitajaribu, labda, Mungu akipenda, kama chumba hakitavuja. Nilimwona Senyor Abilio amesimama na vumbi la makaa kwenye mikono ya shati, na nilikumbuka karo la jikoni.

"Nitaweza," nikasema.

Akanipa kizibuo chake, chenye mpini wa mzabibu uliolainishwa na kiganja. "Zimufikie Luzia," akasema. Alimuaga Mzee Kalenga kwa mikono miwili, akaondoka na mkokoteni.

Hakurudi. Vita vya ng'ambo ya mpaka viliikata reli, na njia ile iliyotuletea divai ikaota majani. Barua zilikuja chache, kwa njia za mbali, halafu padri wa misheni ya Kapolowe akapata habari kwamba Senyor Abilio amefariki huko kwa kaka yake, kwa ugonjwa wa moyo. Mama Julienne alikuja mwenyewe kuniambia. Luzia alikuwa mtoto wa shule wakati huo, amevaa sare, na alisimama mlangoni akikwangua rangi ya mlango kwa ukucha. Baada ya kuondoka nilishuka chini nikazigeuzia chupa zote lebo juu, ingawa hakuna aliyekuwa anazisoma.

Tangu siku ile kutunza chupa zile ndiko kulikokuwa kazi yangu. Kuhudumia meza ndiko kulikonilisha. Nawaambia nilivyofanya, huenda mtatunza kitu siku moja. Chupa ilale, ili kizibo kisikauke. Mchwa walikula kreti ya kwanza kwa msimu mmoja wa mvua, na wakaanza lebo. Nikatengeneza chanja la mabomba, miguu yake ndani ya makopo ya mafuta machafu ya magari. Umeme ulipoanza kukatika tulipoteza kipoza hewa, nikaanza kumwagia sakafu maji na kutundika magunia mabichi kwenye tundu la hewa. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, niliyaloweka asubuhi na jioni. Nilikuwa napatwa na hofu nikiwa kanisani, nikawaza magunia yamekauka, nikaondoka kabla ya komunyo. Padri alidhani nina dhambi.

Hatari kubwa haikuwa joto. Ilikuwa wageni. Mkubwa mmoja kutoka mji mkuu alikaa kwetu na watu wake, na walipomaliza whisky, kijana wake alishuka chini kutafuta nyingine. Alirudi akicheka.

"Citoyen commissaire, hawa watu wanaficha divai ya Wazungu."

Mkubwa aliacha uma. "Ya nani?"

Mzee Kalenga alikuwa bado yupo kazini, mwaka wake wa mwisho. Alipapasa mfuko wake. "Ya mutoto mumoja wa hapa Likasi, citoyen commissaire. Ni ya ndoa yake."

"Mutoto gani iko na divai kunishinda minye?" Meza nzima ilicheka. "Leta. Tutamubariki."

Njiani kwenda chini Mzee Kalenga alinong'ona, "Muletee ya moto. Itikise. Ataitema."

Sikuweza. Najua ilikuwa busara, lakini mikono yangu haikukubali. Niliipoza chupa kama inavyostahili, nikafuta mdomo wake, nikang'oa kizibo bila kelele, nikamwonyesha lebo iliyoliwa nusu, nikammiminia. Alivuta funda kubwa kama la bia, na uso wake ukajikunja kutoka pembeni kwenda katikati.

"Hii ni ndimu! Sukari iko wapi?"

"Haina sukari, citoyen commissaire," nikasema. "Njo namna yake."

"Huyu mutoto wanamuoza ao wanamuazibu?"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Akasukuma gilasi. "Rudisha takataka yenu. Tafuteni whisky mjini."

Jikoni, Mzee Kalenga alifunga mlango na tukagawana kilichobaki. Ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu, na juu ya masuku ilikuwa imeota harufu ya karanga zilizopitishwa motoni kidogo. Tulikunywa tumesimama. "Iko hai," akasema. Kisha, baada ya kumaliza: "Ungemuletea ya moto, angekunywa yote kwa hasira. Umefanya vizuri, mbishi weye." Hilo ndilo neno la sifa la mwisho nililolipata kutoka kwake, na bado linanitosha. Alistaafu, akarudi kwao, na mwaka ambao nilipata habari ya kifo chake nilikuwa nimezidiwa na kazi, sikwenda kutoa pole. Samahani yake naiomba hapa.

Luzia alichumbiwa na fundi mitambo kutoka Kakanda. Mama Julienne aliponiletea habari nilimpongeza vizuri, kisha nikashuka chini nikakaa kwenye kiti kimoja kilichovunjika. Binti alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Divai ilikuwa na umri uleule, na hakuna mtu niliyemjua aliyewahi kunywa divai nyeupe ya umri ule. Ningeweza kufungua moja nijue. Sikufungua. Zilikuwa zake.

Vizibo vilikuwa vimelainika kama mkate, kizibuo kingevivunja. Rafiki wa karakana alinikatia ncha mbili nyembamba kutoka kwenye msumeno wa chuma, zinazopenya kandokando ya kizibo na kukibana. Siku mbili kabla ya harusi nilizisimamisha chupa ili mawe yashuke. Zilikuwa zimeota mawe hata bila barafu; muda nao hufanya kazi ile.

Karamu ilikuwa katika ukumbi wa parokia, Panda. Nilipewa meza pembeni, kitambaa cheupe, na watu wakaanza kukusanyika, kwa vile habari za divai ya marehemu zilikuwa zimeenea. Nilifungua ya kwanza. Ilikuwa nyeusi kama chai iliyolala. Nikainusa, nikaionja, nikaimwaga kwenye ndoo. Ya pili ilikuwa siki. Ya tatu ilikuwa maji yasiyo na kitu, kama aliyeondoka bila kuaga. Nikaendelea. Kila chupa niliinusa, kila chupa niliionja, na ndoo ikawa inajaa. Niliwasikia watu wakianza kuzungumza mambo mengine, kwa huruma.

Mama Julienne alikuja akanishika kiwiko. "Dona, acha. Bia iko mingi. Abilio hatakasirika."

"Bado ziko ingine, Mama."

"Unajiumiza bule, mutoto yangu."

"Bado ziko ingine."

Ncha zile mbili zilikuwa zinakwaruza shingo ya chupa. Sikumbuki ilikuwa ya ngapi. Nakumbuka kwamba harufu ilinifikia kabla sijainamisha pua. Niliimimina na ikatoka rangi ya dhahabu, inang'aa kabisa, na chini kabisa ya gilasi mawe machache yakametameta.

Baba wa bwana harusi, Papa Kasongo, alikuwa karibu yangu. Alikuwa mzee wa matangi ya asidi, aliyefanya kazi zamu moja na baba yangu. Aliyaona kabla ya mtu mwingine.

"Weye Dona! Hii inang'aa chini ni nini?" Akasimama. "Minye nimekaa mu asidi maisha yangu yote, na suruali zangu zote zinajua. Mutoto yangu hatakunywa hii. Na bibi yake hatakunywa hii."

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa anaitekeleza sheria ya kambi, sheria ileile, kwa sauti ileile ya baba yangu.

"Papa Kasongo," nikasema, "minye mwenyewe nilizimwaga chupa sita juu ya hii mawe. Nilizimwaga bila kuonja."

"Ulifanya vizuri!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Nikayamwaga mawe ya chupa moja tupu kwenye kiganja, nikayatafuna. Papa Kasongo alinikodolea macho. "Tungojeni kidogo," akawaambia watu. "Tuone kama ataanguka."

Hapo Luzia akaja kutoka meza ya maharusi, ameshika gauni kwa mkono mmoja. Aliiangalia gilasi, akaniangalia.

"Hii njo alikuwa anakunywa papa yangu?"

"Njo hii."

Akaichukua akanywa. Uso wake ukajikunja kutoka pembeni kwenda katikati, sawasawa na wa yule mkubwa, na mimi nikahisi ndoo yote ile imemwagwa ndani yangu.

"Ni kali, Papa Dona."

"Njo namna yake. Usinywe haraka. Nusa kwanza."

Akainamisha kichwa juu ya gilasi, shela ikamfunika. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoinuka alikuwa na mshangao wa mtoto. "Inanuka masuku," akasema. "Mama, nusa. Ni masuku!"

"Nani alikuambia masuku?" nikamuuliza.

"Hakuna muntu."

Akanywa tena, taratibu, mpaka mwisho. Halafu akayabwaga mawe kwenye kiganja chake, akayatia mdomoni, akayatafuna huku anamtazama baba mkwe wake machoni. Ukumbi mzima uliyasikia yakivunjika.

Papa Kasongo alikohoa. "Bon," akasema. "Nipatie na minye. Lakini kidogo. Siwezi kufa mbele ya bakwe, ni aibu."

Zilizokuwa hai zilikuwa chache, chini ya nusu. Tulizigawa kwa vigilasi vya dawa vilivyoazimwa kwa masista, funda moja kila mtu, na watu walipanga mstari kama wa komunyo wakiwa wanakunja nyuso na kurudi kwenye bia zao. Chupa ya mwisho aliimaliza Mama Julienne, peke yake, kwenye kiti cha kona. Alisema bado ni ndimu. Hakumpa mtu hata tone.

Chumba kile cha chini sasa mnaweka unga na mafuta ya kupikia, na chanja la mabomba nasikia mmelitundikia nguo. Divai nyeupe haiji tena. Reli haijafunguka, na wakurugenzi siku hizi wanakunywa bia, wanaitaka baridi ya kuumiza meno. Kizibuo cha Senyor Abilio nimempa Luzia. Bado napima nafasi kati ya uma na kisu, hata nyumbani, hata nikila peke yangu. Lakini sasa naonja kabla ya kumwaga.